Kwa makocha wapya wa gofu: watoeni watu renji mapema, wapelekeni kwenye shimo

Wadogo zangu mnaoanza kufundisha gofu, hasa nyie mliotoka kwenye ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji fimbo, mkapata nafasi ya kusaidia mapro, wale wa kulipwa wanaofundisha, kwenye klabu zenu, naandika haya kwa sababu watu wanaotaka kujaribu mchezo huu wapo wengi kuliko tunavyodhani, ila wanakuja mara mbili tatu halafu hatuwaoni tena. Wakiondoka tunasema basi, gofu ni ya matajiri, gharama zimewashinda. Gharama ipo kweli, sibishi, lakini nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu nikaona mtu mwenye hela na gari lake naye anaacha, na mtoto wa mtaa wa jirani na uwanja asiye hata na kiatu cha maana anabaki mpaka anakuwa mchezaji. Tofauti yao mara nyingi ni hii tu, mmoja alicheza gofu, mwingine alifundishwa swingi, yaani namna ya kuzungusha fimbo.

Angalieni somo la kwanza linavyokuwaga. Mtu anafika renji, pale pa kufanyia mazoezi ya kupiga, anapewa aironi namba 7, fimbo ya chuma, na kikapu cha mipira, anaambiwa shika hivi, simama hivi, mkono wa kushoto unyooke, kichwa chini, usikimbilie. Anapiga, mpira unaviringika hatua kumi, anapiga tena anachota udongo, na pembeni kuna mtu anapaisha kwa draiva, fimbo ya kupiga mbali, mpaka mwisho wa renji. Wiki ijayo hivyo hivyo. Huyu mtu anaweza kumaliza mwezi mzima hajaona mpira wake hata mmoja ukiingia shimoni, sasa hapo unategemea arudi kufuata nini?

Anzeni shimoni, mrudi nyuma. Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira una milimita 42 na kidogo, kwa hiyo ukimweka mtu hatua moja toka shimoni na pata mkononi, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, hata kama hajawahi kushika fimbo maishani mwake atatumbukiza, na ule mlio wa mpira kugonga chini ya kikombe akishausikia mara tatu nne utaona mwenyewe sura inabadilika, anarudi nyuma hatua mbili bila kuambiwa. Toka hapo nenda hatua tano, halafu pembeni ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, umfundishe chipu, mkwaju mfupi wa kuinua mpira kidogo, halafu mita 30, halafu nusu swingi, swingi nzima ije baadaye akishakuwa na hamu nayo. Na wala hii sio kumdekeza. Uwanja wa kiwango cha mikwaju 72 unahesabu mikwaju 36 ya pata, miwili kwa kila shimo, yaani nusu ya mchezo iko pale kwenye majani mafupi ambapo mzee wa miaka 70 na binti wa miaka 12 wanaweza kushindana sawa kabisa.

Watoto sasa, maana hapa ndipo pana kazi yenyewe. Mtoto wa miaka mitano mpaka saba usimwambie neno la ufundi, mwambie piga uingize kwenye lile tairi, basi. Tairi bovu la gari, ndoo, kamba uliyoizungusha chini, vyote ni shimo kwake. Kuna zile seti za plastiki za SNAG zenye vichwa vikubwa na mpira unaonata kwenye shabaha, kama klabu yenu inazo mshukuru Mungu, kama hakuna chukua mipira ya tenisi iliyochoka muende kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, tenisi haivunji dirisha na haimuumizi mtu. Dakika kumi kila mchezo, badilisha, ukiona wameanza kurushiana majani umeshachelewa kubadilisha.

Fimbo zao ndio kila mtu anauliza. Fimbo ya mtu mzima ukiikata na msumeno inakuwa fupi lakini ngumu, haipindi, kichwa bado kizito vile vile, mtoto anaishia kuisukuma kwa mwili mzima na anajenga tabia ambayo utakuja kupambana nayo miaka. Tafuta fimbo za kina mama za zamani, zile nyepesi, wanachama wanazo nyingi zimelala stoo na ukiwaomba kwa adabu wanatoa. Aironi namba 7 ikimfika mtoto kiunoni inatosha. Na hahitaji 14, hizo ni kikomo cha sheria, sio mahari. Seve Ballesteros aliyechukua mashindano ya Kenya Open mwaka 1978 alianza utotoni kwao Pedreña, Hispania, na aironi namba 3 moja, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukweni, na alikuwa kedi kama nyie. Mpeni mtoto aironi moja na pata moja, akizijua hizo ndio muongee mengine.

Usalama nauweka hapa katikati makusudi ili msiuruke. Cha kuogopa zaidi kwenye kundi la watoto ni fimbo ya mwenzake, mpira unafuata. Chora mstari wa chokaa, kila mtoto na alama yake, urefu wa fimbo mbili na zaidi kati yao, na sheria iwe moja tu, kocha akisema chini, fimbo zote chini, ndipo watu waende kuokota. Hakuna kuokota mmoja mmoja. Anayepiga kushoto mweke mwisho kabisa wa mstari. Ukiwa na watoto zaidi ya kumi omba kedi mmoja akae nyuma kazi yake iwe kuangalia tu, asifundishe, asishike simu. Siku moja ya uzembe hapa inaweza kufunga programu nzima na wazazi watakuwa na haki.

Wakifika miaka nane, tisa, mpaka kumi na moja hapo wanataka ushindani na kujua nani ni nani. Wape kadi ya kuandikia mikwaju. Wape mashimo matatu mafupi yanayoanzia mita 50 toka kwenye grini, usiwapeleke kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, za wakubwa, mtoto akipiga mikwaju 11 kufika grini hajafunzwa uvumilivu, amefunzwa kuchoka. Ashike fimbo anavyoshika kifaranga, ndio maelezo pekee ya gripu, yaani ushikaji, ninayoyatumia kwa umri huo, na yanatosha kwa sababu hapa kwetu karibu kila mtoto ameshashika kifaranga, anajua ukikaza sana unakiua na ukilegeza kinatoroka. Fimbo ashike hivyo hivyo.

Wasichana wanahitaji jicho la ziada, naomba mlichukulie hili kwa uzito. Msichana mmoja katikati ya wavulana tisa hatadumu, walete wawili watatu kwa pamoja kutoka shule moja au mtaa mmoja, na awepo dada au mama mmoja pale uwanjani hata kama sio mchezaji. Wakiona mchezaji kama Madina Iddi wa Arusha anavyocheza wanajua hiki kitu kinawezekana, kwa hiyo kukiwa na mashindano ya wanawake karibu wapelekeni wakaangalie, watembee mashimo mawili matatu nyuma ya kundi. Na kurekebisha mwili kwa kumshika mtu acheni kabisa, kwa umri wowote ule, chukua fimbo uielekeze kiunoni au begani kwa mbali, useme, uoneshe wewe mwenyewe, ataelewa tu.

Wazazi mnawaacha wakae kwenye gari na simu zao, hapo mnapoteza watu. Mpe mzazi pata. Mwambie dakika 20 za mwisho anacheza na mwanae, yeye toka hatua sita mtoto toka hatua tatu, anayefungwa anaokota mipira. Wanachama wengi wapya niliowaona wakikaa waliingia kupitia mlango huu, walikuja kumleta mtoto. Ila msiwaahidi skolashipu za Marekani. Zipo, vijana wa Afrika Mashariki wamesoma kwa gofu, lakini mzazi ukishamwambia hivyo mtoto wa miaka tisa anageuka kuwa mradi, na kila mkwaju mbaya anaangalia baba yake kwanza kabla ya kuangalia mpira.

Watu wazima wanaokuja baada ya kazi shida yao kubwa ni aibu na muda. Weka darasa saa kumi na moja jioni jua limepoa, watu sita mpaka wanane, na wote wawe wanaoanza, usimchanganye mgeni na mwenye miaka mitatu. Waambie mavazi kabla hawajatoka nyumbani, klabu nyingi zinataka shati lenye kola na hazitaki jinzi, na mtu akirudishwa getini siku ya kwanza mbele ya watu huyo humpati tena hata ukimpa bure. Waambie na bei zote mapema, ya darasa, ya kukodi fimbo, ya kedi, wasije wakagundua moja moja.

Wiki ya nne au ya tano watoeni nje wacheze mashimo manne ya kweli. Hata kama swingi haijakaa. Tumieni Stableford, mfumo wa kuhesabu pointi kwa kila shimo aliobuni Frank Stableford na ukachezwa mashindano kule Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, kwa sababu kwenye Stableford shimo likikushinda unaokota mpira unapata sifuri unaendelea, huharibu siku yako yote wala huwasimamishi walio nyuma. Waelezeni pia kwamba tangu sheria zilipobadilishwa 2019 mpira uliopotea unatafutwa dakika tatu tu, sio tano tena, na bendera unaweza kuiacha shimoni unapopiga pata. Vitu vidogo hivi vinamfanya mgeni ajisikie wa ndani. Halafu mwelekezeni kwenye handikapu, ile namba inayoonesha kiwango cha mtu na kumpa mikwaju ya nyongeza ili ashindane sawa na aliye bora. Wengi bado wanadhani handikapu ni ya watu waliobobea, wakati kwenye mfumo wa dunia ulioanza 2020 inafika mpaka 54 kwa wanaume na wanawake, na inayohitajika ni kadi za mashimo 54 tu, unaweza kuzikusanya kwa tisa tisa. Programu yako ikiishia kwenye cheti na picha ya pamoja umewaacha njiani, ikiishia kwenye handikapu mtu ana sababu ya kurudi Jumamosi, anaweza kuingia mashindano ya mwezi na akashindana na mtu yeyote.

Wazee wetu. Kuna wanaostaafu wakiwa na nguvu tele na hawana pa kuzipeleka, gofu ni kutembea, ni maongezi, ni hewa safi, lakini kocha wa miaka 24 anapata kigugumizi kumrekebisha mzee wa rika la babu yake. Salimia vizuri kwanza, shikamoo mzee, uliza magoti na mgongo vikoje, sikiliza jibu mpaka mwisho maana humo ndio kuna somo lako la leo. Usimwambie "umekosea", mwambie "mzee naomba tujaribu na hivi tuone". Begani hawezi kuzunguka sana, basi mruhusu ainue kisigino cha mguu wa mbele anapovuta fimbo nyuma, swingi nyingi za zamani zilikuwa hivyo na mipira ilifika. Mchezeshe toka tii za mbele bila kumuuliza mara mbili mbili, wewe weka begi pale uanze kupiga nae. Na masika mvua ikikata somo msimrudishe nyumbani, kaeni barazani mfundishane sheria na kuhesabu kadi, wazee wanapenda hayo kuliko mnavyofikiri.

Mwisho watumieni makedi wenzenu. Kedi anajua kila mteremko wa ile grini, anajua upepo wa saa tisa, mgeni akitembea mashimo manne na kedi mwenye moyo anajifunza kuliko masomo matatu ya renji, ila alipwe, iwe kwenye bajeti ya programu tangu mwanzo na isiwe hisani. Wekeni daftari la mahudhurio, majina na namba, na kila Jumatatu asubuhi anayesimamia darasa apige simu kwa ambao hawakuja, sio meseji ya kundi, simu. Uliza kama ni nauli, ni kazi, ni mguu unauma au ni kitu kilimkera pale klabuni, andika jibu pembeni ya jina, mkikutana makocha Alhamisi muanzie na hiyo kurasa.