Maswali ya Wasomaji: Kiti cha Afrika katika Baraza la Usalama

Swali: Ndugu Mhariri, ninafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Tulipofika kwenye mada ya Umoja wa Mataifa, mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza hivi: ikiwa nchi tano zenye kura ya turufu, yaani kila moja inaweza kuzuia azimio peke yake, ndizo pia zinazopaswa kukubali mabadiliko yoyote ya Baraza la Usalama, je, kuna siku baraza hilo litabadilika? Darasa zima lilinyamaza kunisubiri, na sikuwa na jibu la kuwaridhisha. – *Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba baraza hilo limekwisha kubadilishwa mara moja, na kwamba wakati huo nao watu walikuwa wakisema haiwezekani.

Hati ya Umoja wa Mataifa ilipotiwa saini San Francisco mwezi Juni 1945, Afrika iliwakilishwa na nchi nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilitawaliwa na Wazungu wachache. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza na haikuulizwa lolote. Baraza la Usalama likapewa wajumbe 11, watano kati yao wa kudumu: Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China. Kufikia mwisho wa mwaka 1963 nchi wanachama zilikuwa zimezidi 110, nyingi zikiwa zimetoka kujikomboa, lakini meza ilikuwa ileile ya watu 11. Tarehe 16 Desemba mwaka huo Kenya na Zanzibar zilipokelewa uanachama, na kesho yake, tarehe 17, Baraza Kuu, linalokutanisha nchi wanachama zote, lilipitisha azimio la kuongeza wajumbe wa Baraza la Usalama kutoka 11 hadi 15. Ninaomba uwaoneshe wanafunzi jinsi wale watano walivyopiga kura siku hiyo, maana hapo ndipo penye somo. Ni China peke yake iliyokubali, na kiti chake wakati huo kilikaliwa na serikali ya Taiwan. Urusi ya Kisovieti na Ufaransa zilikataa, Marekani na Uingereza hazikupiga upande wowote. Hata hivyo, tarehe 31 Agosti 1965 mabadiliko yalianza kutumika, kwa kuwa katika muda usiofika miaka miwili wote watano walikuwa wameyaridhia.

Kilichowageuza, kwa maoni yangu, ni hesabu ya kawaida ya siasa. Kambi mbili za Vita Baridi, ya Marekani na ya Urusi ya Kisovieti, zilikuwa zikigombea urafiki wa mataifa machanga, na hakuna iliyotaka kuonekana ndiyo iliyowafungia mlango. Kifungu cha 108 cha Hati kinadai theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, kisha theluthi mbili ya nchi wanachama ziridhie, wale watano wakiwa miongoni mwao. Mlango huo ni mwembamba, lakini umewahi kupitika, na waliopita ni watu waliokwenda kwa pamoja.

Hata hivyo, usiwafiche wanafunzi kwamba mwaka 1965 viliongezwa viti na nguvu zikabaki palepale. Sisi Watanzania tuna ushahidi wetu. Mwaka 1981 Dkt. Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Zanzibar na waziri wetu wa mambo ya nje, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na nchi za Afrika. China ilikuwa ikimpinga Kurt Waldheim, katibu mkuu wa wakati huo aliyetaka kipindi cha tatu, na Marekani ikawa inampinga Salim. Kura zikarudiwa kwa majuma kadhaa, kila upande ukitumia turufu, mpaka wagombea wote wawili wakakaa kando na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Uungwaji mkono wa bara zima ulizimwa na mkono mmoja ulioinuliwa chumbani.

Kutokana na mambo kama hayo, mwezi Machi 2005 Umoja wa Afrika ulifikia Makubaliano ya Ezulwini, yaliyopewa jina la bonde moja la Eswatini. Yanadai viti viwili vya kudumu vyenye haki zote, turufu ikiwemo maadamu turufu ipo, pamoja na viti vitano visivyo vya kudumu. Leo bara lenye nchi 54 kati ya 193 lina viti vitatu tu, vyote vya kupokezana kwa miaka miwili miwili. Septemba 2024 Marekani ilitangaza kuunga mkono viti viwili vya kudumu kwa Afrika, lakini bila turufu. Mjumbe wa kudumu asiye na turufu mbele ya wenzake watano wenye nayo ni mgeni aliyekaribishwa ndani akaonyeshwa mkeka huku wenyeji wamekalia viti, na sioni sababu ya Afrika kukubali jambo hilo kirahisi.

Swali: Je, madai haya yanahusu Baraza la Usalama tu? Huku kwetu Uganda, kinachotugusa kila bajeti ni madeni. – *Msomaji, Kampala*

Jibu: Hapana, na huenda kwenye fedha ndiko maumivu yanakofika haraka zaidi nyumbani. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kura hupimwa kwa mgawo wa kila nchi, yaani fungu la fedha linalopangwa hasa kwa ukubwa wa uchumi wake, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85 ya kura zote. Marekani ina zaidi ya asilimia 16, kwa hiyo inaweza kuzuia maamuzi hayo peke yake hata kama hakuna mahali palipoandikwa neno turufu. Mgawo huohuo hutumika pia kugawa. Agosti 2021, katikati ya janga la korona, shirika lilitoa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa wanachama wake, na Afrika nzima ikapata takriban bilioni 33. Hakuna aliyeiba, kanuni ilifuatwa kama ilivyoandikwa, na ndiyo maana inapaswa kuandikwa upya. Tangu Novemba 2024 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimepata kiti cha tatu katika bodi ya wakurugenzi. Ni hatua njema, ila uzito wa kura zetu haukuongezeka kwa kiti hicho.

Swali: Mheshimiwa, mimi ni mama wa watoto wanne, ninaandika kutoka Bukavu. Kofia za bluu, yaani walinda amani wa Umoja wa Mataifa, tumeziona tangu wakubwa wangu wakiwa wachanga, na vita havijaisha. Mkituambia Afrika ipewe viti, viti hivyo vitatusaidia nini sisi? – *Msomaji, Kivu Kusini*

Jibu: Mama, pole kwa yote mnayoyapitia. Swali lako ni zito kuliko mengine yote niliyopokea, na sitakujibu kwa kukupa matumaini mepesi.

Kiti peke yake kinaweza kisisaidie kitu, na ushahidi uko kwa jirani zenu. Januari 1994 Rwanda ilianza kipindi chake cha miaka miwili katika Baraza la Usalama. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi Aprili, mwakilishi wa serikali ileile iliyokuwa ikiyaendesha alibaki mezani na kura yake mkononi. Tarehe 21 Aprili baraza lilipitisha kwa kauli moja azimio namba 912, lililopunguza walinda amani kutoka takriban 2,500 hadi 270. Tarehe 17 Mei, makosa yalipoanza kusahihishwa, ikapigwa kura ya kuzuia silaha zisiingizwe Rwanda. Nchi 14 zilikubali, na iliyokataa ilikuwa moja, Rwanda yenyewe. Afrika ilikuwa na kiti. Mwenye kiti hakuwa akiwajibika kwa waliokuwa wakichinjwa, wala kwa bara lililompeleka.

Ndiyo sababu ninawasihi viongozi wetu wasihangaikie idadi ya viti peke yake. Ezulwini inasema Umoja wa Afrika ndio utakaochagua nani akae, na ni sawa. Lakini kabla mlango haujafunguliwa ni lazima tukubaliane pia ni nani atakayemhoji mkaaji huyo, atapiga kura kwa maagizo ya nani, na ataondolewaje akiligeuka bara. Nchi itakayokalia kiti cha kudumu na kukitumia kwa ugomvi wake na jirani itatuumiza kuliko kukosa kiti. Najua mazungumzo haya hayapendezi, kwa sababu yanawagusa wakubwa wa bara wanaojiona tayari wamekikalia. Ni afadhali yafanyike sasa.

Jambo la pili ni kalamu. Rasimu za maazimio mengi yanayoihusu Afrika huandikwa na Ufaransa, Uingereza au Marekani. Ya Kongo imekuwa mikononi mwa Ufaransa. Anayeandika rasimu ndiye anayeamua askari wafanye nini, wawe wangapi, na neno gani liachwe, na wajumbe wa kuchaguliwa mara nyingi huipokea wakati mengi yamekwisha kupangwa. Wanaotumwa kutekeleza ni watoto wetu: usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Anayezika ana haki ya kushika kalamu. Jambo hili halihitaji kubadilisha Hati wala kusubiri turufu ya yeyote, kwa kuwa ni desturi tu, na wajumbe watatu wa Afrika wakisimama pamoja wanaweza kulidai kesho.

Juni 2025 nchi yenu ilichaguliwa kuingia katika baraza hilo kwa miaka ya 2026 na 2027. Muda wa MONUSCO, kikosi cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa huko kwenu, umekuwa ukijadiliwa upya kila Desemba, na Desemba 2026 Kongo itakuwa chumbani ikiwa na kura. Wabunge wenu wa Kivu wanaweza kuitaka serikali iwaeleze, kabla ya Desemba, inakwenda kudai maneno gani yaandikwe katika azimio hilo, na ni nani huko Kivu aliyeulizwa.