Gari la Zamani Likisumbua Umeme, Anza na Ethi

Gari likigoma kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia betri mpya. Mwezi hauishi, ugonjwa umerudi ule ule. Hapa Unguja na Pemba upepo wa bahari una chumvi, nayo huanza kula pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi na injini, yaani kwenye ethi. Umeme hutoka chanya ya betri na lazima urudi hasi. Njia ya kurudia ikishika kutu, betri mpya utaionea bure.

Tafuta mita ya kidijitali, hata ya bei nafuu, uiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma kama 12.6. Ikisoma 12.0, ichaji kwanza ndipo upime mengine. Injini ikiwaka, namba iwe baina ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya 13, kagua mkanda wa alteneta, mashine inayochaji betri, kisha alteneta yenyewe.

Sasa ethi. Gia iwe huru, breki ya mkono juu. Ncha nyekundu ya mita iguse chuma kisafi cha injini, nyeusi iguse nguzo ya hasi ya betri, nguzo hasa, si kichwa cha waya. Mwenzio apige stata sekunde chache. Chini ya 0.2, ethi nzima. Ikifika 0.5, umeme unapotea njiani. Hamishia ncha nyeusi kwenye kichwa cha waya, mpige stata tena: namba ikianguka, uchafu uko baina ya nguzo na kichwa. Isipobadilika, kosa liko kwenye waya wenyewe au bolti yake ya injini.

Vua hasi kwanza, irudishe mwisho, spana isije ikagusa bodi ikapiga cheche. Piga msasa kichwa cha waya na pahala kinapokaa hadi chuma king'are. Rangi ikibaki chini yake, umefanya kazi bure. Kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Menya waya kidogo pia: shaba ikiwa ya kijani au nyeusi, kata hadi uikute nyekundu, na kama uozo umeingia mbali, badilisha waya wote kwa unene ule ule.

Ukikanyaga breki na indiketa ikawaka kwa mbali, hiyo ni ethi ya taa za nyuma. Wanaobeba samaki kwenye buti waanzie hapo: maji ya barafu yenye chumvi hutuama chini ya zulia, karibu na bolti ya ethi hiyo.

Fyuzi ya ampea 10 ikiungua, rudisha ya 10. Ikiungua tena, huenda kuna waya uliochubuka unaogusa bodi; utafute pale unapopita kwenye tundu la chuma au bawaba ya mlango. Kuweka ya 30, au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ni kuugeuza waya kuwa fyuzi, nao huungulia ndani ya dashibodi. Tafadhali, usimruhusu fundi yeyote akufanyie hivyo.