Kusoma bila kuhariri katika folda ya pamoja

Ndugu yangu wa Ngamiani, nimekuelewa: faili ambazo wenzako wa Windows huziweka kwenye folda ya pamoja, wewe wa Linux huzisoma lakini huwezi kuzihariri. Samba, programu inayoshirikisha faili kati ya Linux na Windows, isipoelekezwa vingine, huzipa faili mpya ruhusa 0744, yaani mwenye faili peke yake ndiye anayeandika. Katika smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, chini ya sehemu ya folda hiyo, weka create mask = 0664, directory mask = 0775 na force group yenye jina la kundi lenu, ili wote wa kundi hilo waweze kuandika, kisha uianzishe Samba upya. Faili za zamani hazitabadilika. Zirekebishe kwa amri za chgrp (kubadili kundi) na chmod (kubadili ruhusa). Mimi niliwahi kukata tamaa nikaweka 0777, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, na siku chache baadaye mtu akafuta hesabu za mwezi mzima. Ikiwa humo mna nyaraka za mishahara, mwite kwanza fundi wa mitandao.