Kabla Hujanunua Koili Mpya ya Mashine ya Espreso, Pima

Taa ya mashine ya espreso ikiwaka, pampu ikanguruma na maji yakatoka baridi, wengi wetu hukimbilia kuilaumu koili ya kupashia maji. Mimi nilifanya hivyo: niliagiza koili mpya, nikahangaika jioni nzima kuifunga, na maji yakaendelea kutoka baridi, kwa sababu kilichokuwa kimeungua ni fyuzi ya joto, kijidude cha ukubwa wa punje ya haragwe kilichofichwa ndani ya ala nyeupe ubavuni mwa boila, yaani chombo cha ndani kinachochemshia maji. Koili ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, niliirudisha mahali pake, na ile mpya ikalala kwenye droo.

Tangu hapo sifungui pochi kabla ya kupima. Chomoa plagi, uache mashine ipoe kabisa, kisha ondoa waya kwenye ncha za koili na upime kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, iliyowekwa kwenye omu, kipimo cha upinzani wa umeme. Kipimo kinachotarajiwa hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye mashine: koili ya wati 1200 inayotumia volti 230 husoma takriban omu 44, na ya wati hizohizo kwa volti 120 husoma omu 12. Multimita ikionyesha kuwa umeme haupiti kabisa, waya wa ndani umekatika. Ikisoma sawasawa, kagua fyuzi ya joto na thamostati, yaani swichi inayodhibiti joto, ambazo zikiwa baridi na nzima hupitisha umeme karibu bila upinzani.

Kuna kipimo cha pili ambacho wengi hukiruka, nacho ni kati ya ncha ya koili na bodi ya boila, yaani gamba lake la metali, ambapo umeme haupaswi kupita hata kidogo. Waya wa koili umezungukwa na unga wa oksaidi ya magnesiamu ndani ya bomba la metali. Bomba hilo likipasuka, unga hunyonya maji, na umeme huvujia kwenye bodi hata kama mashine bado inapasha vizuri. Hivyo ndivyo ilivyonitokea mara ya pili: kila nilipowasha mashine, swichi ya usalama ya nyumba ilikatika. Nilipoichomoa koili, ilikuwa imevikwa ukoko wa chokaa mithili ya sufuria iliyounguza wali, na nilipoubandua kwa ukucha nikaona ufa mwembamba kama unywele. Chokaa huzuia joto lisiingie kwenye maji, kwa hiyo metali hujichoma yenyewe.

Koili ya kwenye droo ikapata kazi. Piga picha ya kila waya kabla ya kuugusa, na uhakikishe volti na wati zinalingana na za zamani. Gasketi, ule mpira unaozuia maji kuvuja, usiirudie, hata ikionekana nzima. Weka mpya, ukaze bolti kidogo kidogo kwa mkingamo. Viungo vya waya vibanwe kwa koleo, visichomelewe kwa risasi, kwani risasi huweza kulegea kwenye joto hilo, na waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, urudi ulipokuwa. Katika baadhi ya mashine koili imeunganishwa moja kwa moja na boila, na hapo hakuna ujanja ila kununua boila zima.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya kufunga, kwa kuwa boila ni tupu na koili ikiwaka bila maji huungua upesi. Rudisha mfuniko, jaza tangi, na ukishawasha tu fungua bomba la mvuke na uendeshe pampu mpaka maji yatoke mfululizo. Mimi huacha karatasi kavu chini ya boila kwa dakika chache za mwanzo kabla sijarudisha kitako. Ikilowa, gasketi haijakaa. Ndani ya mfuniko nimeandika kwa penseli tarehe na omu 44, ili siku maji yatakapotoka baridi tena niwe na cha kulinganishia.