Fundi Bomba Anajibu: Bomba la Kijivu na Maji ya Mvua

SWALI: Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba ya babu yake mume wangu hapa Chumbageni, Tanga, nyumba ya zamani yenye kuta nene. Juzi tumefunga simtanki la maji ya mvua, fundi akaliunganisha na bomba la zamani linaloingia jikoni. Bomba lenyewe ni la kijivu, limepindwa bila kiwiko, na nikilikwaruza kwa sarafu linang'aa. Jirani anasema ni madini ya risasi. Nina mtoto wa miezi 7, anakunywa maziwa ya kopo. Maji nayachemsha sana. Je, inatosha?
Mama Mchanga, Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Haitoshi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini risasi haiondoki na mvuke. Inabaki sufuriani, na maji yakipungua inakolea. Usiache kuchemsha, ila kuanzia leo maji ya mtoto yasipite kwenye bomba hilo. Chota kwenye koki ya simtanki lenyewe, uyaache yatiririke kidogo kwanza, ndipo uchemshe.

Sasa tafuta sumaku, hata ya spika mbovu. Ikinasa, hilo ni bomba la chuma. Isiponasa, na mkwaruzo unang'aa kama fedha, jirani yako kasema kweli.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo mvua. Bomba la miaka mingi huwa limejijengea ganda kwa ndani kutokana na maji liliyoyazoea, na ganda hilo ndilo linalozuia maji yasiguse risasi. Maji ya mvua hayana chokaa na yana asidi kidogo, basi yanalila ganda, kisha yanaligeukia bomba. Mji wa Flint, Marekani, ulibadili chanzo cha maji Aprili 2014, ukaleta maji ya mto bila kutia dawa ya fosfati inayolinda ganda. Risasi ikamwagika majumbani, ikaonekana kwenye damu ya watoto. Mabomba yalikuwa yale yale. Yaliyobadilika ni maji. Mwambie fundi alitenganishe simtanki na bomba hilo leo, asingoje kesho.

Muulize pia ameunga kwa kitu gani. Shaba ikigusana na risasi ndani ya maji, risasi ndiyo inayoliwa. Na kama amelehemu kwa ile risasi ya mafundi redio, kiungo chenyewe kinatoa sumu.

Dawa ya kudumu ni kuling'oa lote mpaka kwenye mita, uweke PPR, yale mabomba ya plastiki. Usikubali kubadilisha nusu: ukataji unatikisa ganda la kipande kinachobaki, na risasi inaweza kuzidi majini kwa muda. Koki za shaba za zamani nazo zitolewe, maana nyingi zina risasi ndani yake. Hela ikiwa bado, watu wazima wafungulie maji kila asubuhi yatiririke dakika kadhaa kabla ya kunywa, maana yaliyolala bombani ndiyo mabaya zaidi. Hayo ya kwanza fulia au deki. Kuoga hakuna neno.

Usitegemee macho wala ulimi. Risasi ikishaingia majini haina rangi, harufu wala ladha. Chukua lita 1 ya kwanza asubuhi kabla koki yoyote haijafunguliwa, na nyingine baada ya maji kutiririka, upeleke maabara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Mtoto naye mpeleke hospitali, useme wazi kuwa unataka damu ipimwe risasi. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na inaharibu ubongo unaokua.

Siku ya kung'oa, fundi asikate kwa msumeno jikoni, vumbi lake ni sumu. Na vipande visiachwe uani: wavuvi watakuja kuviomba wayeyushie chubwi za mishipi, na moshi ule huingia kwa watoto wao.