Mkuu, hiyo paketi ya Lasix usiifungue

Nimesoma bandiko lako nikiwa na suruali ya mtu kwenye cherehani. Nimeiacha mguu mmoja umeshonwa, mmoja unaning'inia, nimekuja mbio. Salamu tutapeana siku nyingine.

Umeandika hivi: mama ana miaka 63, ana presha, miguu imevimba mpaka kandambili haziingii, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Jirani kasema Lasix, ile dawa ya kukojosha, ni kiboko ya maji. Muuza dawa kakuuzia paketi ya miligramu 40 na kusema "aanze na mbili". Unauliza ameze moja au mbili, asubuhi au usiku, kama HCTZ (hydrochlorothiazide, nayo ya kukojosha) ni kitu kilekile, kama apunguze kunywa maji, na mashine gani ya kupimia presha ni nzuri. Halafu mwisho kabisa, kama mgeni anayekumbuka jambo akiwa tayari mlangoni, unasema kliniki walimpandishia dawa yake ya presha, amlodipine, kutoka miligramu 5 kwenda 10 mwezi uliopita.

Mkuu! Huo mstari wa mwisho ndio ungekuwa kichwa cha uzi. Mimi mstari kama huo ulinipeleka kitandani siku sita, nikarudi nyumbani sina kazi, nina madeni, na mshono kwenye nyusi.

Mimi ni fundi nguo, Tandika. Presha yangu iligundulika 158/96, nikaanzishiwa amlodipine 5. Mwezi wa kumi haijashuka vizuri, wakanipandishia 10. Presha ikakaa 130 na kitu, nikafurahi. Wiki tatu baadaye miguu ikaanza. Asubuhi ipo kawaida, ikifika saa kumi jioni vifundo vimepotea, soksi ikivuliwa imeacha alama kama mkanda wa mtu aliyeshiba. Nikajisemea ni kukaa kwenye cherehani kutwa nzima. Haikunijia hata siku moja akilini kwamba dawa inayoshusha presha ndiyo inayovimbisha miguu.

Sasa washauri wangu. Wa kwanza ni shemeji yangu, ambaye ukoo mzima tunamwita daktari kwa sababu anafanya kazi hospitali. Ni kweli anafanya kazi hospitali. Yuko masjala, anatafuta mafaili. Akaniangalia miguu akasema, "Haya ni maji, shemeji, yatolewe." Wa pili ni kijana wa duka la dawa mtaani, koti jeupe safi kuliko la profesa. Hakuniuliza natumia dawa gani. Hakuniuliza chochote! Kavuta droo, kakata Lasix vidonge kumi kwa mkasi, kaandika 1x1. Nikamwambia na mgongo unauma, kaniongezea diclofenac. Mteja karidhika, duka limefunga hesabu. Lasix ni dawa ya cheti cha daktari, kaniuzia kama anauza pipi za mnazi. Mpaka leo nikipita pale navuka barabara, maana mdomo wangu naujua.

Siku ya kwanza nilikojoa mpaka nikacheka. Unameza saa moja asubuhi, saa mbili hujamaliza hata chai umeshakimbia mara mbili, na mchezo unaendelea mpaka mchana. Nikapanda mizani ya pale sokoni, kilo mbili zimeondoka. Nikajiona nimepona. Ila jioni nikavua soksi, miguu ileile.

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, soma taratibu. Nilisema: dawa inafanya kazi, ni ndogo tu. Nikaanza kumeza mbili. Miguu haijashuka. Nikaweka mbili asubuhi na moja mchana. Na kwa akili yangu ya fundi nikaona haina maana kutoa maji huku na kuingiza kule, nikapunguza kunywa maji. Mwezi wa kumi na mbili, Dar, joto lile unalolijua, mimi chini ya bati, jasho linatiririka, nakunywa vikombe viwili kwa siku. Juu yake diclofenac kila jioni. Nikaenda hivyo karibu wiki tano.

Daktari alikuja kunieleza baadaye na nikaelewa kwa kuwa alitumia mfano wa mabomba. Amlodipine inafungua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini ile ya kurudisha haifunguki kwa kiasi hicho. Msukumo unaongezeka pale katikati, maji yanavujia kwenye nyama, na kwa kuwa umekaa au umesimama yanashukia vifundoni. Dozi ikipanda, uvimbe unapanda. Kwa hiyo mwili wangu haukuwa na maji ya ziada hata kidogo! Maji yalikuwa mahali pasipo pake. Lasix yenyewe inafanya kazi kwenye figo: inazuia chumvi isirudi mwilini, chumvi ikitoka inaburuta maji. Inatoa kwenye damu. Mimi nilikuwa nakausha damu kila siku ili nipunguze miguu, na miguu haikuwa na habari.

Na ukikojoa namna ile hutoki na maji peke yake. Inatoka potasiamu, madini ambayo misuli na moyo vinayategemea. Hilo neno nilikuwa nalisikia kwenye mbolea tu.

Dalili zilikuja moja moja nami nikazipa kila moja sababu yake. Usiku mashavu ya miguu yanakaza mpaka naamka napiga kelele, nikasema uchovu. Choo kikafunga siku nne, nikasema ugali. Moyo ukawa unaruka pigo, unatulia, unaruka tena, kama sindano inayoruka mishono. Nikasema mawazo, si unajua Januari na ada. Kisha siku moja niko kwenye kola ya shati la shule, natuma mguu ubonyeze pedali, mguu haujibu. Haukuuma wala haukufa ganzi. Umekaa tu pale juu ya pedali kama wa mtu mwingine. Nikauinua kwa mikono miwili nikaupanga vizuri, nikajaribu tena. Mwanafunzi wangu akacheka akidhani natania, nami nikacheka pia ili asiogope.

Usiku huo niliinuka kwenda kukojoa, giza likaja kutoka pembeni, nikaamka nimelala juu ya ndoo, damu usoni, mke wangu anaita majirani.

Hospitali presha ilikuwa 88/54. Mimi mgonjwa wa presha! Potasiamu 2.3, na ya kawaida inaanzia 3.5 mpaka 5. Kreatinini, kile kipimo cha figo, ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili ya kawaida. Wakanibandika zile nyaya za kupima umeme wa moyo, nesi akaangalia karatasi, akaenda kumwita mwenzake, wakaangalia wote, na hakuna aliyenitazama usoni. Wakuu, hakuna kitu kinatisha kama nesi aliyenyamaza.

Potasiamu ya dripu inaunguza mshipa kama pilipili. Nikaomba waiongeze kasi iishe haraka, nesi akanijibu kwamba ikienda mbio inasimamisha moyo, nikawa mpole. Inaingia kwa saa nyingi, wanapima damu, wanaweka tena. Siku sita.

Na katikati ya siku hizo ndio ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nilikuwa na oda ya sare, mashati na sketi, advansi ya watu nimeshaila kwenye vitambaa na hizo hizo dawa. Wazazi wakaja kuchukua vitambaa vyao vikiwa vipande. Mmoja alinipigia simu wodini. Januari kwa fundi nguo ni kama mavuno kwa mkulima, ukiikosa unasubiri mwaka. Ile advansi ya mwisho nimeilipa Agosti.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja binti mdogo, nadhani hajafika hata thelathini. Alibonyeza ugoko wangu, akauliza swali moja tu: "Baba, kabla miguu haijavimba, ulibadilishiwa dawa gani?" Swali dogo hivyo! Shemeji hakuliuliza, koti jeupe hakuliuliza, na mimi mwenye miguu sikujiuliza. Lasix ikafutwa, diclofenac ikafutwa (nayo kumbe inashika chumvi na maji mwilini, inapandisha presha na kuumiza figo, hasa ukiichanganya na dawa ya kukojosha). Presha ilipoanza kupanda tena wakanirudisha amlodipine 5, na figo zilipotulia wakaniongezea losartan, dawa nyingine ya presha. Ndani ya kama wiki mbili nikaviona vifundo vyangu. Nilikuwa nimevisahau sura.

Ndiyo maana nina kanuni moja na nitaipigia kelele mpaka mnifungie akaunti: ULIZA UVIMBE UMETOKA WAPI KABLA HUJAUKOJOA.

Maana unaweza kutoka kwenye dawa kama mimi, na pengine kama mama. Unaweza kutoka kwenye moyo, na huyo utamwona anahema akilala chali, anataka mito mitatu. Unaweza kuwa figo, na kipimo cha mkojo kitaonyesha protini. Unaweza kuwa ini. Na kama ni mguu mmoja tu umevimba, unauma na una joto, hiyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa, usikae kusoma uzi, chukua bajaji sasa hivi. Kote huko kidole kinaacha shimo lilelile. Jirani yako ameonaje tofauti kwa kuchungulia uani?

Kabla hamjanishambulia: sisemi Lasix ni mbaya. Mama mwenye nyumba wangu moyo wake umetanuka, Lasix ndiyo inamfanya apande ngazi. Lakini yeye kaandikiwa, anapimwa damu, na kila asubuhi akitoka msalani anapanda mizani kabla ya chai na kuandika kwenye daftari. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku chache anarudi kliniki. Mtu wa namna hiyo akiacha dawa kwa sababu ya bandiko langu atakuwa amenielewa kinyume. Na wewe mkuu, usije ukamwachisha mama amlodipine kwa kunisoma mimi. Ukiiacha ghafla presha inarudi, na kiharusi hakingoji miadi. Aendelee nayo, na kesho umrudishe kliniki. Beba dawa ZOTE kwenye mfuko mmoja, pamoja na za maumivu na za mitishamba, umwage mezani, sema tarehe dozi ilipopandishwa na tarehe miguu ilipoanza. Omba apimwe mkojo, kreatinini, potasiamu na sodiamu. Wakimwandikia dawa ya kukojosha baada ya hapo, ameze, na uulize tarehe ya kurudia kipimo cha damu. Wakikwambia hakuna haja ya kurudia, uliza tena.

HCTZ si sawa na Lasix. HCTZ inakojosha kwa upole lakini inafanya kazi siku nzima, ndiyo maana kwa presha wanaipenda, 12.5 au 25, mara nyingi imechanganywa na losartan kwenye kidonge kimoja. Lasix ina nguvu na inaisha baada ya kama saa sita, kwa presha peke yake huwa si chaguo la kwanza. Zote mbili zinatoa potasiamu, na HCTZ kwa wazee inaweza kushusha na sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, mpaka mtu anaanza kuongea vitu havieleweki, nyumbani mnasema kazeeka. Kuna nyingine, spironolactone, hiyo inafanya kinyume, inashikilia potasiamu, kwa hiyo usije ukasikia "kula ndizi na madafu" ukaona ni ushauri wa kila mtu. Mwenye figo mbovu au anayetumia losartan pamoja na hiyo, potasiamu ikizidi nayo inasimamisha moyo. Unaona kwa nini napiga kelele za kipimo?

Asubuhi au usiku: asubuhi, kama ameandikiwa. Usiku atashinda chooni na kuanguka, nyusi yangu ni shahidi. Ila moja au mbili sikujibu, na sitakujibu hata uniwekee laki.

Uliuliza na vitu vingine, nimesahau, na simu hii nikirudi juu kusoma inafuta nilichoandika. Wadau wengine watamalizia.

Nimehariri: kuna mtu kaniuliza inboksi kama nilisameheana na shemeji. Tunaongea. Bado yuko masjala. Jumapili kwenye kikao cha harusi nilimsikia anamweleza mama mmoja habari za sukari, nikamvuta yule mama kando nikamuuliza kabadilishiwa dawa gani.

Naenda kumalizia ile suruali, mwenyewe ameshafika.