Kabla ya Kununua Sevo ya Mkono wa Roboti, Piga Hesabu Hii

Mkono wa roboti yetu ulikuwa na urefu wa sentimita 12, na kazi yake ilikuwa kunyanyua kopo la gramu 150. Tuliufungia SG90, ile sevo ndogo ya buluu yenye uzito wa gramu 9. Sevo ni mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru. Mezani, bila kopo, ulipanda na kushuka bila shida. Siku ya mashindano ulifika nusu, ukatetemeka, kisha tukasikia meno ya plastiki yakikatika. Wanafunzi wangu walikuwa wamekesha kuutengeneza. Iliniuma sana.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Zidisha uzito kwa urefu: kilo 0.15 mara sentimita 12 ni kilo-sentimita 1.8. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya SG90 kwenye volti 4.8 ni takriban 1.8 hiyohiyo, tena ndiyo nguvu yake ya mwisho, pale inapokwama kabisa! Na uzito wa mkono wenyewe hatukuuweka. Siku hizi nauongeza, halafu jibu nalizidisha mara mbili.

Usidanganywe na gia za chuma. MG90S inazo, meno yake hayakatiki ovyo, lakini torki yake inakaribiana na ya SG90. Sisi tulihamia sevo kubwa zaidi, MG996R, yenye torki ya takriban kilo-sentimita 9.4 kwa volti zilezile. Ina gramu 55, kwa hiyo ifunge chini kwenye shina la mkono, kamwe isiwe kwenye ncha.

Ikikwama huvuta ampea mbili na zaidi. Ukiilisha kwa pini ya volti 5 ya Arduino, ule ubao unaoiongoza roboti, ubao utajizima na kujiwasha katikati ya mchezo. Ipe betri yake, ila waya wa hasi wa betri na ule wa Arduino ziungane.

Kwa magurudumu, mota za njano za TT zinatosha kufuata mstari. Roboti ya sumo ndogo, ya gramu 500, inataka mota ndogo ya N20 yenye giaboksi ya chuma, na chagua ya mwendo wa polepole: kule ni kusukumana. Draiva, yaani kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, ya L298N hula karibu volti 2 njiani. Draiva ya TB6612FNG haipotezi hivyo, lakini hubeba ampea 1.2 tu kwa kila mota, basi shika gurudumu lisizunguke kwa sekunde moja upime ampea kwanza.

Sevo ya akiba inunue siku hiyohiyo, ya aina ileile. Meno ya mhimili hutofautiana, na kijikono, kile kipande kinachovishwa kwenye mhimili wa sevo, ulichokwisha kukifunga huenda kisiingie.